Kuondoa Chumvi Baharini: Wapi Kunafaa, Wapi Kunakwama

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mitambo mingi ya leo huyasukuma maji hayo kwa nguvu kubwa kwenye utando wenye matundu madogo mno: maji matamu hupita, chumvi hubaki. Wenzetu wa Ghuba wanaishi kwa maji hayo. Lakini njia hii ina mipaka.

Umeme. Mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50 ya lita 20, hula kilowati-saa 3 hadi 4. Umeme ukipanda bei, maji nayo hupanda.

Maji ya chumvi kali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba mitambo ya dunia hutoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku, na milioni 142 za mabaki yenye chumvi kali. Yakimwagwa ovyo karibu na matumbawe, anayeumia kwanza ni mvuvi.

Mwinuko. Chukua Timboroa, njia ya Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Kupandisha mita moja ya ujazo hadi huko kunataka zaidi ya kilowati-saa 7, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye pampu na mabomba. Kuyapandisha maji kunakula takriban mara mbili ya umeme wa kuyatoa chumvi. Kwa hiyo watu wa Timboroa wana mvua na msitu wao. Msitu ukikatwa, bahari haitawaokoa.

Je, sisi wa Pwani? Bahari iko mlangoni, na umeme wa jua umeshajaribiwa: Kiunga, Lamu, ilipata mtambo wake mwaka 2018. Mwaka huohuo kaunti ya Mombasa ilitangaza mipango ya mitambo mikubwa. Hata hivyo Mombasa bado hutegemea maji ya mbali: Mzima, ambako bomba la kilomita 220 hivi lilijengwa miaka ya 1950, na Baricho kando ya mto Sabaki.

Mtambo huongeza maji. Hauzibi bomba linalovuja. Maji ya bei ghali yakipitishwa kwenye mabomba mabovu, mwananchi atalipia hata yanayomwagika njiani. Tuzibe kwanza, tuvune mvua, tulinde chemchemi. Kisha twende baharini kuchukua kilichopungua.