Mizimu ya nyumba ya Tippu Tip ilitoka upande wetu wa ziwa

Kule Unguja, mtaa wa Shangani katika Mji Mkongwe, karibu na hoteli ya Africa House, iko nyumba ya ghorofa yenye mlango mkubwa wa mbao uliojaa nakshi. Watalii husimama mbele yake, wanapiga picha, kisha wanaendelea na safari yao. Ndani wamewahi kuishi watu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 nyumba iligawanywa, familia kadhaa zikaingia. Wakaaji hao wamesimulia kwamba hawako peke yao humo: nyumba ina mizimu, na mizimu yenyewe ni watumwa wa mwenye nyumba wa zamani, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Kuanzia Uvira hadi Kisangani anajulikana kwa jina la Tippu Tip.

Unguja ina hadithi nyingi za aina hiyo. Huko Dunga, katikati ya kisiwa, kuna magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, na watu husimulia kwamba lilipojengwa watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa. Mtu anaweza kuamini, anaweza kucheka. Lakini msikilizaji wa Uvira, wa Fizi au wa Maniema ana swali lake: hao wanaosemwa kuwa wanatembea usiku katika nyumba ya Shangani walitoka wapi?

Tippu Tip alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi upande wa Tabora, na kijana alianza safari za bara mapema. Alikuwa bado mdogo alipovuka Ziwa Tanganyika mara ya kwanza. Alichotafuta kwanza ni pembe za ndovu, na alizipata kwa bunduki na kwa akili. Kisa cha Utetela kinaonyesha akili hiyo. Alisikia kwamba zamani, katika vita, dada wawili wa ukoo wa mtawala walitekwa wakapelekwa Urua. Akaenda kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, akamwambia kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wale dada waliopotea. Mzee aliamini, akafurahi, akamwachia nchi na pembe zake. Kisa hiki si uzushi wa maadui zake. Amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, bila aibu yoyote.

Mtu afikiri kidogo juu ya hilo. Ukoo ulikuwa umelia watoto wake waliotekwa, na kilio hichohicho ndicho kilichomfungulia mgeni mlango.

Pwani ya Uvira ilikuwa ndani ya biashara hiyo kabla ya Tippu Tip kuwa mtu mkubwa. Mwezi Aprili 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton aliandika kwamba Uvira ni ghala kubwa la kaskazini: watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome ya miti na vitu vya chuma. Watumwa aliwataja katika orodha moja na nafaka. Baadaye alikuja Muhammad bin Khalfan, mshirika wa Tippu Tip, aliyekaa Ujiji na kueneza nguvu zake hadi kaskazini ya ziwa. Watu walimwita Rumaliza, na jina hilo halihitaji kuelezwa kwa anayejua Kiswahili. Alijaribu kuingia Burundi pia, lakini watu wa Mwezi Gisabo walimzuia.

Kutoka Maniema mateka walitembea na kongwa shingoni hadi ziwani, wakavushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,200. Haki isemwe: wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi waliolipwa. Na wengi waliotekwa hawakufika baharini. Walibaki njiani, wengine kaburini, wengine Ujiji na Tabora kama watumwa wa mashamba na wa nyumba.

Mwaka 1887 mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Mfalme aliyetangaza Ulaya kwamba anapiga vita utumwa alimwajiri mtu huyo huyo! Miaka mitatu baadaye Tippu Tip aliondoka Congo, hakurudi tena. Vita vilipolipuka mwaka 1892 kati ya watu wa Leopold na Waarabu, yeye alikuwa mbali. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, mwanawe Sefu aliuawa mwaka huohuo, na Rumaliza alishindwa mwanzoni mwa 1894 akakimbilia upande wa Wajerumani. Baba mtu alikuwa Unguja, tajiri. Inasemekana alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Alikufa mjini humo mwezi Juni 1905, kwa malaria.

Kitabu chake, alichokiandika kwa Kiswahili katika miaka yake ya mwisho, kinahesabu pembe kwa frasila na kinataja watawala, wadeni na ndugu. Mateka wanapita humo kama idadi tu. Hakuna anayejua jina la mama fulani aliyechukuliwa kijijini, wala la mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Wapangaji wa Shangani ndio waliosema kwamba watu hao bado wapo.

Na wapo kwa namna nyingine pia, isiyohitaji usiku. Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Unguja kwenyewe kuna watu wanaojiita Wamanyema, wajukuu wa waliotoka Congo kwa njia hiyo, wengine kwa minyororo, wengine kama askari na wapagazi wa misafara. Kiswahili kinachozungumzwa Uvira kilipita njia hiyohiyo, kikija upande wa huku. Familia za Uvira na Fizi zilizokimbia kwa boti mwaka 1996 ziliteremka Kigoma, si mbali na Ujiji, kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Waliovuka Rusizi hadi Bujumbura wanakijua Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako wazee wengine wakiulizwa asili ya babu zao hujibu neno moja: Maniema.