Subaru ya nyumbani: lipi ufanye kwa mkono wako, lipi umwachie fundi

Subaru ni gari la mtu mwenye haja mbili kwa wakati mmoja: ana watoto wa kupeleka shule na madrasa, na bado moyo wake uko kwenye rali. Legacy ilitoka 1989, Impreza ikafuata 1992 na Forester 1997. Wakenya waliyapenda magari haya kwa sababu waliyaona kwenye Safari Rally. Patrick Njiru aliyaendesha akiwa mwenyeji, Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo tena mwaka 2000. Tangu hapo kila mwenye Subaru ya viti vitano hujihisi ana rali kidogo mguuni, na ndipo spana hutolewa.

Haya nayaandika kutoka Kiritiri, Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, ambako kazi imenileta. Sisi wa Pwani tunaijua Mbeere kwa muguka, lakini tuna uhusiano wa zamani zaidi nayo: maji ya mto Tana yanayopita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ndiyo yanayokwenda kumwagika Kipini. Magari nayo huja kinyume cha mto. Yanashushwa Kilindini, yanazeeka Mombasa na Nairobi, kisha yanauzwa huku. Huku ni joto, vumbi, na njia za pembeni zenye mikunjo kama bati. Spea nyingi hazipatikani hapa, zaagizwa Embu mjini au zasubiriwa kutoka Nairobi. Kwa hivyo mwenye gari hulazimika kujifunza kujitengenezea.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na mengine yote yanatokana nacho: rudisha kabla ya kuongeza. Subaru yako ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu ya kutosha kubeba familia haraka kuliko sheria inavyoruhusu. Kilichopungua tangu wakati huo ni breki, tairi, shokomzoba na mpoozo wa injini. Shilingi ya kwanza iende huko.

Kabla ya kulala chini ya gari

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tumia stendi za chuma, pande mbili, mahali pagumu palipo sawa. Tia mawe au magogo kwenye matairi yaliyobaki chini. Mchanga na udongo laini huzamisha jeki taratibu na wewe huoni. Watoto wasicheze karibu.

Pili, tafuta kitabu cha gari lenyewe kwa nambari ya modeli na ya injini. Legacy mbili za rangi moja zaweza kuwa na injini tofauti, na kinachofaa moja kikaiharibu nyingine.

Kazi unazoweza kufanya mwenyewe

*Oili.* Injini ya Subaru imelala, pistoni zake zinakwenda kushoto na kulia, si juu na chini. Oili huchukua muda kuteremka, kwa hivyo pima gari likiwa limesimama pahali sawa na injini imepumzika, ikiwezekana asubuhi. Injini kuukuu, hasa zenye tabo, hula oili. Pima kila unapojaza petroli mara mbili. Gari likiendeshwa na oili pungufu, beringi za krenki huanza kugonga, na hapo huongei tena habari ya matengenezo, bali ya injini nyingine.

*Filta ya hewa.* Kwa mkaaji wa Nyali filta hukaa muda mrefu. Kwa vumbi la Mbeere ifungue kila mwezi. Igonge taratibu utoe vumbi, na ikiwa imekuwa nyeusi nunua mpya. Usiipige kwa upepo mkali wa kompresa, karatasi hutoboka na vumbi likaingia ndani ya silinda.

*Maji ya rejeta.* Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Ukibadilisha maji, jua kwamba injini hii iliyolala hushika mapovu ya hewa ndani. Jaza polepole, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta kama gari lako linayo, washa injini na hita ya ndani iwe kwenye moto, kisha ngoja mapovu yaishe na uongeze. Wengi huambiwa hedi imeungua kumbe ni hewa iliyobaki ndani. Tumia kulanti yenyewe, si maji ya kisima. Maji ya chumvi hula alumini.

*Plagi.* Ziko ubavuni mwa injini, si juu, na nafasi ni finyu. Inawezekana, lakini injini iwe baridi kabisa. Hedi ni ya alumini, nyuzi zake huharibika ukilazimisha. Anza kuikaza plagi kwa vidole, na ikigoma itoe uanze upya.

*Fyuzi, balbu, betri na waipa.* Hizi ni za kila mtu. Fyuzi iliyoungua irudishie ya ampea zile zile. Kutia kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kuukaribisha moto ndani ya gari.

*Pedi za breki.* Zinawezekana ikiwa umefundishwa na mtu anayejua, mkiwa pamoja, mara ya kwanza na ya pili. Fanya gurudumu moja baada ya jingine ili upande wa pili ukukumbushe vitu vinavyokaa. Ukimaliza, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu *kabla* ya kuliondoa gari. Ukisahau, breki ya kwanza haitashika.

Tairi: hapa ndipo Subaru hutofautiana na gari jingine

Subaru nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Tairi moja ikiwa kubwa au ndogo kuliko nyenzake, gia za katikati zinalazimika kusuguana bila kupumzika, mpaka zikaungua. Tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi takriban milimita 6. Maana yake ni kwamba huwezi kununua tairi moja mpya ukaichanganya na tatu zilizokwisha. Nunua nne, au tafuta iliyolika kiasi sawa na zile tatu.

Vipi ukipata pancha, na spea tairi ni ile ndogo? Kwenye Subaru nyingi za otomatiki za gia 4, ndani ya boneti mna kikasha kilichoandikwa FWD. Tia fyuzi hapo, gari litavuta kwa magurudumu ya mbele tu, uende polepole mpaka kwa mtengeneza pancha. Kisha uitoe. Ni jambo la senti chache linaloweza kukuokolea giaboksi, na wenye gari wengi hawalijui.

Angalia pia umri wa tairi. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini umri wa miaka kumi hupasuka kwenye lami ya moto, na mzigo wake ni wanao. Nati zikaze kwa mtindo wa nyota, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kazi za kumwachia fundi

*Mkanda wa taimingi.* Injini za EJ zina mkanda wa raba, na hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na hedi huharibika. Ukinunua gari la mkono wa pili na hakuna ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa. Badilisha pamoja na pampu ya maji na vigurudumu vya kukazia, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile. Injini za FB, zilizoanza kutoka 2010, zina cheni.

*Gasketi ya hedi.* Ugonjwa huu unajulikana sana kwenye injini za EJ za lita 2.5 zisizo na tabo. Dalili ni maji kupungua bila kuonekana yanakokwenda, mapovu ndani ya chupa ya akiba, na joto kupanda ukikwea mlima. Hedi ichongwe kwa mashine iwe sawa. Ukiambiwa itafungwa tu na gasketi mpya bila kupimwa, ondoa gari lako.

*Mabomba ya breki, usukani na mifuko ya hewa ya usalama.* Usiguse. Mfuko wa hewa huripuka ukichokozwa ovyo, na taa yake ikizimwa kwa ujanja ili gari liuzike, mnunuzi atajua siku ya ajali.

Mabadiliko yanayopendwa, na bei yake ya kweli

*Kukata springi ili gari likae chini.* Springi iliyokatwa hupoteza mpangilio wake na yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Kwa njia za Mbeere, au zile za kuingia mashamba ya Kilifi, gari la chini huacha sampu ya oili juu ya jiwe.

*Kuinua nyuma.* Hapa vijana huiga Probox za muguka, ambazo hufungwa springi ngumu ili zibebe magunia. Lakini zile zina mzigo. Gari la familia likiwa tupu na springi za mzigo, nyuma huruka kwenye mashimo na tairi huachana na lami kwenye kona. Forester nyingi zina shokomzoba za nyuma zinazojiinua zenyewe. Zikifa, nyuma hukaa chini. Dawa ni kuzirudisha, au kufunga shokomzoba za kawaida *pamoja na* springi zinazoendana nazo. Kubadilisha kimoja ukaacha kingine ni kazi nusu.

*Ekzosi ya kelele.* Ule mngurumo wa Subaru unatokana na mabomba ya mbele yasiyo na urefu sawa. Huongezi nguvu kwa kuondoa sailensa. Unaongeza adha kwa wagonjwa na wanaoswali. La hatari zaidi ni mabomba yaliyochomelewa vibaya. Moshi ukivuja chini ya sakafu huingia ndani kupitia buti, na gesi yake haina harufu ya kumwamsha mtoto aliyelala kiti cha nyuma.

*Kuongeza nguvu ya tabo.* Subaru za tabo za Japani zilipangwa kwa petroli bora ya huko, yenye oktani karibu 100. Super ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukipandisha mgandamizo juu ya petroli hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na pistoni hupasuka. Ukitaka tabo yako iishi, badilisha oili mapema, na baada ya mwendo mrefu iache injini ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima.

*Taa za mwangaza mweupe.* Balbu zisizotengenezewa kikombe cha taa yako hutawanya mwanga. Wewe unaona kidogo zaidi, anayekuja mbele haoni kabisa.

Logibuku na bima

Ukibadilisha injini au rangi, NTSA ijulishwe kupitia eCitizen na logibuku irekebishwe. Injini yenye nambari isiyo kwenye logibuku ni matata siku ya kuuza na siku ya polisi. Iambie pia kampuni ya bima. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli uliosema ulipokata, na badiliko lililofichwa laweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia.

Ikiwa pesa ni kidogo, fuata mpangilio huu

Kwanza breki. Pili tairi nne zinazofanana. Tatu mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Nne rejeta, mipira yake na kulanti. Tano shokomzoba na bushi. Sita mikanda ya viti, yote mitano, ishike na ifunguke. Gari linaloteremka Pwani likirudi lioshwe chini kwa maji baridi, maana chumvi ya bahari hukaa juu ya magurudumu ya nyuma na kula bati kimya kimya.

Ukimaliza hayo yote na bado una akiba, ndipo uulize habari ya rimu na mngurumo. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba gari limekuwa jepesi, linakwenda sawa, linasimama unapotaka, na hamu ya kulibadilisha imepungua. Kutoka Kiritiri hadi Mombasa kupitia Kitui na Kibwezi ni zaidi ya kilomita 500. Katika safari hiyo hakuna abiria atakayeuliza gari lako linanguruma vipi. Watauliza kama mtafika kabla ya Magharibi, na kama mtafika salama.