Mafundi wa Fashifashi wa Kisiwa cha Malta

Kusini ya Sicily, katika Bahari ya Kati, iko nchi ndogo ya visiwa iitwayo Malta, ambayo eneo lake lote ni kilomita za mraba 316 tu. Mwaka 1565 Waturuki waliizingira, na watawala wake, yaani watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, wakawatupia vyungu vya moto na pete za mti zilizowashwa. Adui alirudi kwao, lakini ujuzi wa baruti ulibaki. Wakati wa amani watawala wale wale waliurusha moto angani kwa furaha, kama vile alipochaguliwa Mkuu wao mpya. Enzi yao ilikoma mwaka 1798. Moto ukawa mali ya wanavijiji.

Hata leo vijiji humwadhimisha kila kimoja mtakatifu wake kwa fashifashi, na ajabu ni kwamba wengi wa wazitengenezao hawalipwi hata senti moja. Huyu ni mwashi, yule karani. Jioni, kazi ya mshahara ikiisha, huenda kwenye karakana iliyo mbali na nyumba za watu, nayo huitwa kamra tan-nar, yaani chumba cha moto. Msomaji aliyezoea tenzi zetu atalitambua neno nari, kwa kuwa Kimalta kilitokana na Kiarabu.

Kazi yenyewe yataka subira. Ndani ya gamba la karatasi fundi hupanga vidonge vya dawa iwakayo kwa rangi, na katikati hutia baruti ya kulipasua. Mzinga hulirusha kombora, utambi huteketea njiani, nalo likifika juu hupasuka. Vidonge vyote hutawanyika kwa mwendo mmoja, hivyo umbo lililopangwa ndani hukua angani bila kupotoka: duara ndogo huwa duara kubwa, na moyo huwa moyo. Walakini kombora huzunguka linapopanda, wala hapana awezaye kuliamuru lielekee wapi. Mtazamaji aliye ubavuni huona mstari tu. Kwa hiyo hurushwa kadhaa pamoja, ili walau moja liwaelekee watu.

Septemba 2010 karakana moja ya fashifashi huko Għarb, katika kisiwa cha Gozo, ililipuka, wakafa watu sita. Haikuwa ajali ya kwanza, na serikali iliunda tume kuchunguza sababu zake. Mtu wa mbali huuliza kwa nini wasiache. Mimi nami naliuliza hivyo, lakini kuwalaumu kwaniwia vigumu, maana sijapata kuona kijiji kizima kikimngojea mtu mmoja awashe utambi.

Juni 2011, kabla mwaka haujatimia tangu msiba ule, mafundi wa chama cha Lily katika kijiji cha Mqabba waliwasha gurudumu la moto lenye upana wa mita 32, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepimwa duniani, nalo likazunguka mbele ya macho ya watu.