Mfuko wa Kulalia na Adui Aliye Ndani

Msomaji, ukimwuliza mtu asiyewahi kulala nje penye baridi kali, mfuko wa kulalia una kazi gani, atakujibu mara moja kwamba kazi yake ni kumpa mtu joto. Jibu hilo si sahihi. Mfuko hauna moto ndani yake. Uweke juu ya barafu bila mtu, nao utakuwa baridi kama barafu yenyewe. Joto lote lililomo ni la mwili wa yule aliyelala, na mfuko ni mlinzi tu, azuiaye joto hilo lisitoroke. Tena ulinzi wenyewe haufanywi na ngozi wala na manyoya, bali na hewa iliyonaswa katikati ya manyoya ikatulia. Ukilishika jambo hili, utaelewa kwa nini watu hodari walikaribia kufa ndani ya mifuko iliyokuwa bora kabisa ya zamani zao.

Waliotangulia kulijua hawakuwa wasafiri wa Ulaya. Wainuiti, wawindaji wa Greenland na kaskazini ya Kanada, na Wasami wa kaskazini ya Skandinavia, walivaa na kulalia ngozi za reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu, tangu karne nyingi. Unywele wa mnyama huyu una uwazi ndani yake. Hivyo ngozi yake hunasa hewa mara mbili, ndani ya unywele na kati ya unywele na mwenzake. Hata huku kwetu, Waokiek, wawindaji wa misitu ya Mau, hawakungoja kufundishwa na mtu: walishona ngozi za pimbi wa mitini zikawa mavazi ya kujifunika katika baridi ya milimani.

Mnorwe Fridtjof Nansen alikuwa mwanafunzi mwema wa watu wa kaskazini. Alipovuka barafu ya Greenland mwaka 1888, msafara wake ulikuwa na watu sita, miongoni mwao Wasami wawili, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Kwa watu hao sita alichukua mifuko miwili tu. Watatu walilala katika mfuko mmoja, mwili ukiupasha mwili mwenziwe, na mzigo wa kuvuta ukapungua. (Aliyechukizwa na mkoromo wa jirani yake hakuwa na pa kuhamia.)

Lakini msafara unaotufundisha zaidi ni ule wa Waingereza watatu, mwaka 1911, kule Antaktika. Daktari Edward Wilson, aliyekuwa mkuu wa wataalamu katika msafara wa Kapteni Scott, alitaka mayai ya pengwini mkubwa kuliko wote. Aliamini kwamba kifaranga ambacho hakijaanguliwa kingeweza kuonyesha jinsi ndege walivyotokana na wanyama watambaao. Ole wake, ndege huyo hutaga katikati ya majira ya baridi, wakati jua halionekani kabisa. Basi tarehe 27 Juni Wilson aliondoka kambini Cape Evans pamoja na Henry Bowers na kijana Apsley Cherry-Garrard, wakivuta wenyewe sleji mbili, yaani magari yasiyo na magurudumu yatelezayo juu ya theluji. Walikuwa wakielekea Cape Crozier, umbali wa maili 67. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa ngozi ya reinidia, pamoja na kitambaa cha ndani kilichojazwa manyoya laini ya bata.

Baridi ilishuka mwezi wa Julai hata ikafika karibu nyuzi 61 za sentigredi chini ya sifuri. Je, mifuko ile haikutosha? Siku za kwanza ilitosha kiasi. Shida ilikuwa kwamba mtu hawezi kulala na uso wazi katika baridi kama ile. Hapana budi afunge mdomo wa mfuko na apumulie ndani. Na pumzi ya mwanadamu, kama uonavyo asubuhi ya baridi Limuru au Nyahururu, ina maji. Jasho nalo lina maji. Maji hayo yalipita katika manyoya, yakakutana na baridi ya nje, yakaganda papo hapo. Palipokuwa na hewa, sasa pakawa na barafu. Usiku uliofuata joto la mwili liliyeyusha sehemu yake, mtu akalala katika maji, na asubuhi yakaganda tena pamoja na maji mapya.

Mifuko ilikuwa migumu kama mbao. Cherry-Garrard, aliyeandika habari hizi katika kitabu alichokitoa mwaka 1922, aeleza kwamba kuingia kitandani kulikuwa kazi kubwa kuliko safari: mtu alitia miguu, akangoja sehemu ile ilainike, akasukuma tena kidogo. Asubuhi, kabla mfuko haujakauka kwa baridi, waliushindilia mdomo wake kwa vyombo vyao, ili jioni pabaki japo tundu la kuanzia. Bowers alikuwa hajautumia ule mfuko wake wa ndani wa manyoya ya bata. Ulikuwa mkavu bado. Alimwona mwenzake akitetemeka usiku kucha, akampa. Cherry-Garrard alikataa, akabembelezwa, mwisho akaupokea. Sidhani kwamba katika habari zote za safari hizo kuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Walirejea Cape Evans tarehe 1 Agosti wakiwa na mayai matatu. Mifuko ikatiwa mizanini. Wa Cherry-Garrard, uliokuwa ratili 18 walipoondoka, sasa ulikuwa ratili 45. Wa Wilson ulikuwa umetoka ratili 17 ukafika 40, na wa Bowers umetoka 17 ukafika 33. Hesabu mwenyewe, msomaji: ratili 66, karibu kilo 30 za barafu, na barafu hiyo yote ilitoka katika miili ya watu watatu. Waliivuta katika giza, kisha wakalala ndani yake.

Miaka michache baadaye jambo hilohilo lilitokea kwa njia nyingine. Meli ya Ernest Shackleton, Endurance, ilipobanwa na barafu ikavunjika mwezi wa Oktoba 1915, watu 28 walibaki juu ya barafu ya bahari. Walikuwa na mifuko 18 ya manyoya na 10 ya sufi ya kondoo, isiyokuwa na joto kama ile ya kwanza. Ikapigwa kura. Ajabu ya kura ile, Shackleton na wengi wa maofisa wake waliangukiwa na mifuko ya sufi, na mabaharia wakapata ile mizuri. Wengine wao walitambua kwamba kura imepindwa kwa faida yao. Udanganyifu wa namna hii ni nadra kuusikia, na mimi sioni haja ya kuulaumu.

Lakini manyoya yaliyogombewa kwa kura yalikuja kuwa taabu. Mwaka 1916, Shackleton na wenzake watano walipovuka bahari kwa mashua ndogo, kutoka kisiwa cha Elephant hadi South Georgia, maji ya chumvi yaliingia kila mahali. Ngozi zilioza, nywele zikang'oka zikaingia katika chakula na katika vinywa vya watu. Mifuko miwili ilikuwa imelowa na kuganda hata ikazidi uzito wa faida yake, nao wakaitupa baharini. Ngozi ilikuwa ileile iliyowafaa watu wa Nansen. Mbaya ulikuwa unyevu.

Siku hizi mifuko ya ngozi imeachwa karibu kila mahali, nayo huuzwa ya aina mbili: iliyojazwa manyoya laini ya bata au ya bata bukini, na iliyojazwa nyuzi za kiwandani. Yale manyoya ya bata ni mepesi, hujikunja yakawa donge dogo, na kwa uzito uleule hushinda nyuzi kwa joto. Lakini yakilowa hushikana kama usufi wa mto uliomwagiwa maji, na hewa yote hutoka. Nyuzi ni nzito zaidi, ila hata zikilowa hubakiza sehemu ya joto lake. Ukipanda Mlima Kenya miezi ya mvua, ukapita msituni na katika matope ya juu ya msitu kabla hujafika penye sakitu, mimi ningekuchagulia nyuzi, au manyoya yaliyofungwa vema ndani ya mfuko usiopenya maji. Miezi ya kiangazi ni shauri jingine. Wasafiri wa leo wa Antaktika hulala ndani ya kitambaa chembamba kisichopitisha mvuke, ili jasho lisiyafikie manyoya kabisa. Wilson na wenzake hawakuwa nacho.

Usidanganywe pia na nambari iliyoandikwa juu ya mfuko. Tangu mwaka 2005 Ulaya imekuwa na kanuni ya kuipima mifuko kwa sanamu ya mtu yenye joto, na aghalabu utaona nambari tatu. Moja ni ya baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala kwa raha. Ya pili ni mpaka wa mwanamume aliyejikunyata. Ya tatu ni ile ambayo mtu huenda akaokoka tu, kwa shida na hatari. Muuzaji mwerevu hukuonyesha ya tatu. Wewe soma ya kwanza. Tena kumbuka kwamba manyoya uliyoyalalia yamebanwa, hayana hewa. Chini yako hapana budi pawe na godoro la safari, hata liwe jembamba, la sivyo ardhi itakunyonya joto usiku kucha.

Na asubuhi, kabla ya kuukunja mfuko, ugeuze ndani uwe nje, uuanike juani kwa muda wa kunywa chai. Katika wiki tano zile za mwaka 1911, jua halikuchomoza hata mara moja.