Bawa lenye Pengo na Utumbo wa Akiba

Mwanzoni ilikuwa habari ya mabawa tu. Katika chumba kidogo cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake walifuga inzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi, ndani ya chupa za maziwa. Miaka ya 1910 wakaona majike wenye mabawa yaliyolika ncha, kama karatasi iliyoguguniwa na panya. Kasoro hiyo ikaitwa Notch, yaani pengo. Madume walioirithi hawakuonekana kabisa: walifia ndani ya mayai.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Donald Poulson alivichunguza viinitete vilivyofia mayaini na kukuta seli zilizotakiwa kuwa ngozi zimegeuka neva. Kumbe jeni iliyoharibika, ambayo nayo huitwa Notch, ni ya nidhamu ya ujirani: seli moja ikishaelekea kuwa neva, huzizuia za kando zisiifuate.

Utumbo ulisubiri zaidi ya nusu karne. Mwaka 1995, Ulrich Tepass na Volker Hartenstein walionyesha kuwa nidhamu ileile inafanya kazi tumboni. Yai la inzi huyu lina urefu wa nusu milimita, na katika nyuzi joto 25 huanguliwa baada ya siku moja hivi. Ndani ya muda huo mfupi, utumbo wa kati huanza kwa mafungu mawili ya seli, moja mbele na jingine nyuma, ambayo husogeleana hadi yakakutana. Seli nyingi hushikamana bega kwa bega na kuwa ukuta. Chache hukataa kujipanga, hubaki za mviringo, kisha hupenya hadi upande wa nje wa ukuta huo. Notch ikikosekana, hizo chache huzidi mno na ukuta hukosa wajenzi.

Seli hizo chache ndizo akiba: vitangulizi vya seli shina, zile zinazozaa seli mpya za utumbo. Buu hula bila kupumzika, lakini zenyewe hazimeng'enyi chochote. Hujigawa tu, vikundi vikundi. Mwaka 2010 kundi la Benjamin Ohlstein lilieleza kuwa katika kila kikundi kuna seli inayojitandaza na kuzifunika nyingine kama shuka, zisikomae kabla ya wakati.

Ajabu, hadi 2006 wengi waliamini kuwa utumbo wa inzi mzima haujikarabati. Ndipo makala mawili yakatoka katika toleo moja la jarida la Nature, la Ohlstein na Allan Spradling, na la Craig Micchelli na Norbert Perrimon: seli shina zipo, na huufanya upya utumbo huo siku hadi siku.

Asili ya seli shina hizo ni ile akiba ya kwenye yai. Buu akigeuka pupa, ukuta wa zamani hubomoka wote. Vikundi vya akiba huungana na kujenga mpya, na mabaki ya ule mkongwe hufungiwa ndani yake kama donge la manjano. Inzi hutoka, hunyoosha mabawa, na choo chake cha kwanza huwa ni utumbo wake wa utotoni.