Moyo Uliofundwa

Yatupasa kukumbuka tulikotoka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakitoka Unguja. Mwaka 1882 Magwangwara wakauvamia mji, wakachukua mateka, na misheni ikahamia Newala. Basi, mji waweza kuharibika kwa siku moja, bali moyo uliofundwa haubomoki. Cecil Majaliwa, aliyetekwa utumwani utotoni, alilelewa Kiungani kwa sala na masomo. Mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, akawahudumia Wayao huko Chitangali. Nasi tusingojee kengele ya Jumapili. Tusali alfajiri kabla ya kushika jembe, na jioni pamoja na watoto wetu; maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.