Vitabu vya Wasafiri wa Reli ya Japani

Wakusanyaji wa vitu vya kale aghalabu huulizwa wanatafuta nini katika karatasi zilizochakaa. Sisi walimu tumezoea kujibu kwamba karatasi ni shahidi wa zama zake. Lakini shahidi naye hana budi ahojiwe. Mfano mzuri ni vitabu vya picha vilivyowaongoza wasafiri wa reli nchini Japani, ambavyo leo hutafutwa na wakusanyaji wengi.

Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka 1872, baina ya Shimbashi, mjini Tokyo, na Yokohama. Kwa sheria ya mwaka 1906 serikali ilizitaifisha kampuni kubwa za reli, ikawa na njia ndefu zilizohitaji abiria. Nayo, pamoja na kampuni zilizosalia, ikachapisha vitabu vya kuwavuta wasafiri.

Mchoraji mashuhuri wa kazi hiyo alikuwa Yoshida Hatsusaburo (1884–1955). Mwaka 1913 alichora njia ya reli ya Keihan, baina ya Osaka na Kyoto. Mwaka uliofuata Hirohito, mrithi wa ufalme, aliiona akaisifu. Hatsusaburo alichora nchi kana kwamba mtazamaji yuko angani: reli imenyooka katikati, mahekalu na chemchemi za maji moto ziko kandokando, na Mlima Fuji umechomoza hata pale ambapo jicho haliwezi kuuona. Huo ni uongo wa msanii, nao hupendeza.

Yapo mengine yasiyopendeza. Kati ya mwaka 1913 na 1917 serikali ilitoa kwa Kiingereza juzuu tano za kumwongoza msafiri katika Asia ya Mashariki. Juzuu ya kwanza ilihusu Manchuria na Korea, na Korea ilikuwa imetwaliwa na Japani mwaka 1910. Reli aliyopanda mtalii huko ilikuwa pia chombo cha utawala. Aidha, picha za sehemu zenye ngome zilihitaji idhini ya jeshi, na idhini hiyo ilichapwa papo hapo kwenye karatasi.

Basi mkusanyaji anayekata picha na kutupa maandishi hubaki na pambo tu. Mwaka, jina la mchapishaji na ile idhini ya jeshi vimekwenda jalalani. Nasi tunapompa mwanafunzi ramani au picha ya kale, tumwulize: Nani aliichora? Aliichora kwa ajili ya nani? Ni kitu gani hakikuonyeshwa? Akizoea kuuliza hivyo, ataufurahia uzuri wake, wala hautamdanganya.